Bwawa la Bi Swabaha

Tumu alikuwa mtu wa amani asubuhi ile mpaka alipofika sokoni Marikiti na kukuta njia imezibwa na magunia ya chumvi. Yalikuwa manane, na wanawake wenye vikapu wamekwama huku na huku wakisonya. Juu ya gunia moja ameketi kijana mrefu, shati jeupe limekunjwa mikono, bisibisi mfukoni, anakunywa kahawa kana kwamba yuko barazani kwao.

"We bwana," Tumu akamwambia huku akikaza buibui lake, "njia hii umeirithi kwa babako?"

"Mkokoteni waja, dada. Subira."

"Subira mwambie mkeo."

"Sina mke."

"Sishangai."

Wanawake wakaangua kicheko. Kijana akainuka kwa haya, akaburura gunia, gunia likapasuka, na chumvi ikamiminika juu ya viatu vipya vya Tumu.

"Chumvi yote hii ya nini? Wataka kukausha papa wa pwani nzima?"

"Ya bwawa la kuogelea. La Bi Swabaha, kule Tudor."

Tumu akaduwaa. Bwawa lile alilijua kama chumba chake cha kulala. Bi Swabaha, mjane tajiri, aliwafungulia wanawake wa mji kila Jumamosi waogelee ndani ya ukuta mrefu, mbali na macho ya wanaume. Aliyewafundisha ni Tumu mwenyewe, karani wa taipu huko Kilindini, binti wa mpiga mbizi wa bandarini. Lakini mwaka ule wa 1967 mfereji wa Suez ulifungwa kwa vita, meli zikawa zazunguka Afrika nzima, na mapipa ya dawa ya klorini hayakufika. Maji yaligeuka kijani kama kisamvu. Na hata hiyo dawa ilipokuwapo, iliwachoma macho wakatoka majini kama waliofiwa.

Kijana, jina lake Faraj, fundi wa umeme, akaeleza. "Chumvi nitatia kidogo tu, haifiki ya machozi. Maji yapita kati ya vibao vya kaboni, umeme wapita humo, na ile chumvi yageuka dawa. Mhandisi wa meli ya Australia ndiye aliyenionyesha."

"Umeme kwenye maji? Wewe u mzima?"

"Njoo uone kwanza, ndipo unitukane."

Alikwenda, akaona, akamtukana, na wiki ya pili akaenda tena. Baada ya mwezi simu ya ofisini ikawa hailii ila yake.

"Halo, nani mwenzangu?"

"Fundi wa maji. Leo waona mpaka vigae vya chini, Tumu. Umevaa nini?"

"Nimevaa hasira. Karani mkuu anitazama."

"Yakupendeza, roho yangu."

Akakata simu, akabaki na tabasamu mbele ya taipu.

Ijumaa moja Faraj akapiga simu kwa haraka. Meli imeharibika bandarini, wanamtaka. "Mashine sijaifunga waya wa ardhini, ule wa kukinga watu na umeme, lakini nimeizima. Kesho ogeleeni, hapana neno."

Jumamosi wanawake ishirini waliingia majini. Loise, rafiki yake Tumu, mfanyakazi wa simu wa posta, alishika ngazi ya chuma ili atoke. Hakupata hata kupiga kelele. Mwili ulikakamaa, ukarushwa nyuma, kisogo kikagonga ukingo, akazama. Tumu alijitupa majini, akahisi sindano mwili mzima, akamshika kwapani na kumvuta huku akiwafokea wengine watoke, watoke, watoke. Hospitalini Loise alishonwa nyuzi saba, na mkono wa kulia ukabaki umekufa ganzi.

Alasiri hiyohiyo Tumu aliingia karakana ya Faraj pale Mwembe Tayari, buibui limemgandama mwilini, nywele zachuruzika. Wapita njia wakasimama.

"Uliniambia umeizima!"

Faraj aliruka kutoka kitini. "Loise yu hai?"

"Usimtaje! Nimetia watu ishirini majini kwa neno lako! Uliizima au hukuizima?"

Faraj akarudi kukaa. Akatazama sakafu. "Kosa ni langu."

"Ndiyo hivyo tu?"

"Ndiyo hivyo."

Tumu akazoa kila kilichokuwa juu ya meza kwa mkono mmoja, koleo, taa, misumari, vikaruka mpaka barabarani. "Usinipigie simu tena. Mwongo wee! Muuaji!"

Siku kumi alitembea na hasira hiyo, akala nayo, akalala nayo. Siku ya kumi na moja akaenda Tudor.

"Kaa, mwanangu," Bi Swabaha akamwambia, akimsogezea kikombe.

"Sikai, Bi. Nataka twende polisi sote wawili, uwaeleze fundi wako alivyoacha mashine inawaka."

Bi Swabaha alikitua kikombe polepole. "Aliizima," akasema. "Niliyeiwasha ni mimi. Wageni wa harusi walikuwa waja Jumapili, na maji yameanza ukungu. Aliniambia nisiguse mpaka arudi. Nikaona, kiswichi tu kile, kina nini? Loise alipopelekwa hospitali nikampigia Faraj simu, nikamwomba anistahi, asinitaje. Ningewaambia nini watu?"

"Na Loise ungemwambia nini? Angekufa, Bi! Nami nimemwita mtu muuaji mbele ya mji, nawe umekaa hapa wanywa chai!"

"Tumu, mimi ni mkubwa wako."

"Ndiyo maana sijasema niliyo nayo moyoni. Kesho utakwenda hospitali, umwambie Loise kwa kinywa chako. La sivyo nitamwambia mimi."

Bi Swabaha akajifunika uso kwa kanga. "Nitakwenda."

Tumu hakungoja kesho. Alimkuta Faraj karakanani ameinama juu ya redio mbovu, ndevu hazijanyolewa, macho yameingia ndani.

"Waniona mimi mtoto wa kufichwa mambo?" akafoka kutoka mlangoni. "Siku kumi nakulaani, nawe wajua na umenyamaza! Nani alikutuma ubebe mzigo wa mtu?"

"Si wa mtu!" Faraj naye akapaza sauti, mara ya kwanza tangu wajuane. "Sikiza! Nilimwambia asiguse, kweli. Lakini fyuzi niliiacha mahali pake. Ningeitia mfukoni, bibi yule angebonyeza mpaka kidole kimchoke, na Loise asingepasuka kichwa. Nilikuwa na haraka ya meli. Sasa nimsukumie mtu mzima lawama, ili wewe unipende? Nawe ulikuja umeshahukumu!"

"Nilikuuliza!"

"Uliniuliza ukitupa koleo zangu barabarani!"

Wote wawili wakawa wahema. Hasira ya Tumu ilikuwapo bado, lakini haikujua tena imwangukie nani.

"Loise umemwona?" akauliza.

"Mara tatu. Mara ya kwanza alinirushia bakuli la uji. Jana alinipa kiti."

"Hakuniambia!"

"Nilimwomba asikwambie."

"Ndiyo hayo! Ndiyo hayo ninayoyasema!" Tumu aligonga meza, machozi yakamtoka bila ruhusa yake. "Ukinificha tena neno, Faraj, hata la kumstahi mamangu mzazi, nitakuacha. Wasikia? Nitakuacha na sitarudi."

Faraj akageuza bisibisi mkononi. "Utaniacha? Kwani hujaniacha?"

"Mtu huacha alicho nacho."

Faraj akaiweka bisibisi chini taratibu, kana kwamba ni yai. "Basi Jumapili nimtume mamangu kwenu Kuze, alete posa?"

"Mtume. Na amwambie mamangu yote, Loise na ile fyuzi, asipunguze neno. Akikubali baada ya hapo, nami nimekubali."

"Na akikataa?"

Tumu alifuta macho kwa ncha ya buibui.

"Akikataa," akasema, "basi atanitambua."