Sauti Nyuma ya Bega la Rubani

Mtaani kwetu alikuwepo rubani ambaye hakuwahi kurusha hata tiara. Watoto walimganda awapandishe ndege, na watu wazima, waliopaswa kuwa na akili zaidi, walimwuliza bei ya tiketi. Yeye alicheka tu. Kazi yake ilikuwa kuingiza meli bandarini. Nahodha anaweza kuwa amezunguka dunia nzima, lakini mgeni kipofu japo ana macho; akifika kwenye mlango wa bandari, humngoja rubani wa hapo aje kwa boti, apande ngazi ya kamba ubavuni mwa meli, asimame karibu na usukani na kumpitisha kati ya miamba. Babu yake aliifanya kazi hiyo kwa bildi, kipande cha risasi kilichofungwa kamba, akikitupa majini kupima kina. Mjukuu alikuwa na mitambo, ila alijisifu kwamba njia ile anaijua kuliko chumba chake cha kulala.

Mwanawe wa pekee alijifunza kazi hiyohiyo. Sasa, melini amri ya usukani haiachwi hewani. Rubani akiitamka, mshika usukani huirudia kwa sauti, ili kama amesikia vibaya asahihishwe papo hapo. Husemwa kwa Kiingereza cha baharini, maana mabaharia hutoka kila pembe. Kijana, akiwa amesimama nyuma ya bega la baba yake, alikuwa na mazoea ya kuirudia tena kwa Kiswahili, polepole, ili imkae kichwani. Wenzao wakambandika jina la Kasuku, naye akalipenda.

Kisha siku moja ngazi ikakatika. Kasuku akaangukia kati ya meli na boti, na mkondo ukamvuta kwenye miamba iliyo upande wa kulia wa njia. Wazamiaji walitafuta hadi wakakata tamaa. Hapakuwa na mwili wa kuzika wala kaburi la kwenda kulilia. Mama yake hakumlaumu mtu, ila kila mumewe alipovaa viatu vya kazi alimwambia neno lilelile: "Wewe ndiye unayepita pale. Niletee mwanangu."

Asubuhi ya kisa chenyewe ilianza vizuri. Rubani alikunywa chai, akataniana na serahangi, msimamizi wa boti, kuhusu kitambi chake, akapelekwa kwenye meli ya mafuta iliyokuwa ikisubiri nje. Alipofika juu, ukungu ulikuwa umeshuka. Nahodha alikuwa kwenye rada, na usukani ulishikwa na baharia mmoja mpole, mtu wa mbali, asiyejua Kiswahili hata cha kuombea maji.

Rubani akatoa amri ya kwanza kwa Kiingereza. Baharia akairudia.

"Kushoto nyuzi kumi," ikasema sauti nyuma ya bega lake.

Kwa Kiswahili. Polepole.

Hakugeuka. Alijiambia kwamba akili ya mfiwa humchezea. Akatoa amri nyingine, na sauti ikairudia hiyo nayo, karibu zaidi, hadi ukosi wa shati lake ukalowa. Moyo ulimwenda mbio, lakini haikuwa hofu. Ilikuwa furaha. Ndiyo, furaha, na ni nani wa kumcheka? Basi akaanza kutoa amri zisizohitajika. Kushoto kidogo. Kulia kidogo. Nyoosha. Kila moja aliitoa ili asikie mwanawe akijibu.

Meli haichezewi hivyo. Ikaanza kutoka kwenye mstari.

"Rubani, kuna shida?" nahodha aliuliza.

"Hakuna."

Kulikuwa na shida. Miamba ilikuwa mbele, kulia. Ndani ya meli kulikuwa na watu na mafuta ya kuteketeza mji. Akaamuru kwa nguvu usukani uende kushoto, nyuzi ishirini.

Safari hii sauti ilimtangulia baharia.

"Kulia nyuzi ishirini."

Na baharia, kwa Kiingereza chake, akarudia hilohilo. Kulia. Usukani ukaanza kuzunguka kuelekea miamba. Macho ya baharia yalikuwa yamemtoka.

Nahodha alipiga kelele. Rubani hakumsikia.

"Kulia, baba. Niko hapa."

Alitaka kwenda. Mungu anajua alivyotaka. Mke wake alikuwa akimwomba jambo hilo moja tu, na sasa mtoto mwenyewe alikuwa akielekeza njia. Alimfikiria baharia yule, ambaye naye ana mama yake mahali fulani. Akafumba macho.

"Hapana, mwanangu," alinong'ona. "Kushoto."

Usukani uliendelea kuzunguka.

"Baba, kuna baridi."

"Najua. Najua, mwanangu. Kushoto nyuzi ishirini. Rudia."

Maji yalisikika yakivunjika kwenye mawe.

"Kushoto nyuzi ishirini," sauti ikasema, na ilikuwa sauti ya mtoto aliyekatazwa.

Usukani ukageuka. Mwamba ukapita ubavuni, karibu kiasi cha kuonekana ndege waliotulia juu yake. Rubani akatoa amri nyingine, akatega sikio. Baharia peke yake ndiye aliyeirudia. Akatoa nyingine tena. Hakuna.

Meli ilipofungwa gatini, baharia alimfuata rubani pembeni, akakunja mikono ya shati. Kifundo cha mkono wa kulia kilikuwa na alama za vidole, nyekundu, zenye ukingo mweupe wa chumvi. Cha kushoto pia.

"Alinivuta huku," alisema kwa Kiingereza chake cha kubabaisha, akionyesha mkono wa kulia. "Ukasema yale maneno. Akaniachia." Akanyoosha wa kushoto. "Akanivuta huku. Kwa nguvu sana. Alikuwa analia."

Rubani akaushika mkono ule wa kushoto wa mtu asiyemjua, akaulaza shavuni mwake, na akakataa kuuachia hata nahodha alipokuja kuuliza kulikoni. Baharia naye hakuuvuta.

Baadaye waliuosha kwa maji ya bomba na sabuni, wakaufuta kwa taulo. Chumvi ikatoka tena. Hata meli ilipong'oa nanga kwenda zake, alama zile zilikuwa bado mbichi, na zilikuwa baridi.