Kizazi Hakina Kosa

Husna hakai. Ndivyo walivyomjua watu wa kijiji chao, kijiji kilichoko juu ya Lushoto, upande wa kwenda Rangwi. Wenzake wakikaa kwenye vigoda kufunga karoti, yeye hufunga amesimama. Wenzake wakikaa kwenye mkeka, yeye huegemea ukuta.

Jioni makande yakiiva, familia huzunguka sinia moja. Mumewe Abubakari yupo. Binti yao Rukia yupo. Mama mkwe, Bi Mwanaisha, yupo na kijiko chake mkononi. Husna yuko mlangoni, amesimama na bakuli lake.

"Mke wa mwanangu anakula kama anasubiri gari," Bi Mwanaisha alisema siku moja. "Kaa, mwanangu. Au sisi tunanuka?"

"Ni mgongo, mama," Husna akajibu.

"Mgongo, mgongo! Mgongo gani huo unaopenda kusimama?"

Kumbe mgongo wa Husna ulikuwa mzima. Maumivu yalikuwa chini, sehemu za siri, upande wa kushoto. Yalianza baada ya kumzaa Rukia, maana uzazi ule ulikuwa mrefu na mgumu. Mwanzoni yalikuja na kuondoka. Sasa yalikuwa ya kila siku. Akikaa, palichoma kama pilipili kwenye kidonda. Akisimama, yalipungua. Akilala, yalitulia. Tendo la ndoa nalo liligeuka mateso. Sasa mambo kama hayo utamwambia nani? Utamwambia mama mkwe, mbele ya makande? Husna aliona haya, akanyamaza.

Alimeza dawa za UTI kutoka duka la dawa, tena na tena. Alikunywa mizizi iliyochemshwa, michungu we acha tu. Wapi! Mwishowe rafiki yake wa sokoni, Sharifa, akamwambia, "Mimi nilitolewa kizazi, nikapona kabisa. Nenda na wewe ukatolewe."

Neno hilo lilimkaa Husna moyoni. Kesho yake akamfuata mumewe shambani.

"Baba Rukia, nataka nikatolewe kizazi."

Abubakari aliacha kulima. "Kizazi? Na mtoto wa pili tunayemwomba Mungu?"

"Mungu anisamehe. Nimechoka. Siwezi tena."

Abubakari akaegemea jembe. Alimpenda mke wake, na mtoto alimtaka sana. Bi Mwanaisha aliposikia, alilia waziwazi. Lakini Husna alikuwa ameshaamua. Kama dawa zimeshindwa, basi kisu.

Wakati huohuo jirani yao Eliza alikuja kununua karoti. Eliza ni muuguzi wa kituo cha afya. Ni Mlutheri, mcheshi, na akitaka kusema jambo hazunguki.

"Mama Rukia, kigoda kiko nyuma yako, na wewe umeinama kama unatafuta sindano. Una nini?"

"Mgongo."

"Mwenye mgongo mbovu hainami hivyo. Niambie kweli. Tuko wawili tu hapa."

Husna alitazama kushoto na kulia. Kisha akasema yote, na machozi yakamtoka. Eliza alisikiliza mpaka mwisho.

"Ukikaa yanazidi?"

"Sana."

"Ukilala?"

"Yanatulia. Hayaniamshi."

"Yako upande mmoja?"

"Kushoto. Ndiyo maana nataka kizazi kitoke."

"Ngoja kwanza!" Eliza akainua mkono. "Nani amekuambia ni kizazi?"

"Sharifa alitolewa, akapona."

"Sharifa alikuwa na uvimbe kwenye kizazi. Alipimwa, ukaonekana. Wewe umepimwa?"

Husna akatikisa kichwa.

"Mimi siwezi kukupima hapa uani," Eliza akasema. "Lakini maumivu yanayozidi ukikaa na kupungua ukisimama, mara nyingine yanatoka kwenye neva. Nenda Lushoto hospitali. Nenda na mumeo, asikie kwa masikio yake."

Wakaenda. Njia nzima Husna alipiga magoti kwenye kiti cha gari, uso ukitazama nyuma. Abiria walidhani anataka kutapika, wakamfungulia dirisha. Baridi yote ya mlimani ikaingia, na hakuna aliyethubutu kulalamika.

Hospitalini walimkuta Daktari Sefania, mzee mpole mwenye sauti ndogo. Muuguzi wa kike alikaa chumbani muda wote Husna alipokuwa anapimwa. Walipima mkojo. Walipiga picha ya tumbo. Daktari aligusa taratibu, akiuliza kila mara, "Hapa? Na hapa?" Alipogusa sehemu moja, ndani upande wa kushoto, Husna aliruka.

Abubakari aliitwa ndani. Daktari akasema, "Mkojo ni safi. Kizazi ni kizima kabisa. Hakina kosa lolote."

"Sasa maumivu yanatoka wapi?" Husna akauliza.

"Kuna neva inayopita kwenye nyonga, karibu na mfupa tunaokalia. Neva ni kama waya, inapeleka habari za maumivu kwenye ubongo. Nadhani yako iliumia ulipojifungua, na sasa inabanwa. Ukikaa, unaibana zaidi."

"Kwa hiyo ningetolewa kizazi..."

"Maumivu yangebaki palepale. Na kizazi usingekuwa nacho."

Husna alijishika kinywa. Abubakari alisema, "Lahaula!" kisha akashika mkono wa mkewe mbele ya daktari, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya watu.

Daktari alimpa dawa ya kutuliza neva. Alianza na kiasi kidogo, kikaongezwa polepole. Mtaalamu wa viungo alimfundisha mazoezi ya kulegeza misuli ya nyonga na kupumua kwa tumbo. Alimwambia anywe maji, ale mboga na matunda, asikae kwa muda mrefu wala kujikamua chooni. Akikaa, akalie mto wenye uwazi katikati.

"Ukipata ganzi ghafla huko chini, au ukishindwa kuzuia mkojo, usingoje siku ya kliniki," daktari akaongeza. "Njoo mara moja."

Siku hiyo nyumbani ukweli ulisemwa. Bi Mwanaisha alisikiliza, akainamisha kichwa. "Nisamehe, mwanangu. Nilidhani unaringa." Kisha akachukua kisu, akakata godoro lake kuukuu, akashona mto wenye tundu katikati. Ulikuwa mbaya wa sura, lakini ulifaa. Abubakari alichukua kazi ya kuchota maji. Vijana wa kijiweni wakamtania, "Mghoshi, mwanamume wewe, siku hizi umeolewa?" Akawajibu, "Ndiyo, na natunzwa vizuri," akaendelea na ndoo yake.

Haikuwa miujiza. Kuna siku zilikuwa nzuri, na kuna siku Husna alitamani kutupa mazoezi na mto wote bondeni. Lakini miezi ilivyopita, maumivu yalipungua, karibu nusu. Hata mambo ya mume na mke yalirudi, polepole, bila kulazimishana.

Msimu wa mavuno maumivu yalipanda tena. Daktari Sefania akamtuma hospitali kubwa ya rufaa. Huko alichomwa sindano ya ganzi karibu na ile neva. Baada ya muda mfupi alikaa kwenye benchi, na hapakuwa na maumivu. Alikaa tu, analia kwa furaha. Jioni maumivu yalirudi, ila sasa ilikuwa wazi kwamba neva ndiyo yenye shida.

Daktari wa upasuaji, mama mmoja mwenye miwani, akasema, "Unaweza kufanyiwa upasuaji wa kuifungua neva inapobanwa."

"Mpasue hata leo!" Abubakari akadakia.

"Baba, mwenye mwili ni yeye. Niache nimweleze." Akamgeukia Husna. "Wako wanaopata nafuu kubwa. Wako wanaopata kidogo. Wengine hawapati kabisa, na wachache huzidiwa. Nafuu yenyewe huchukua miezi. Siwezi kukuahidi."

"Nisipopasuliwa, nitakufa?"

"Hapana. Utaendelea na dawa na mazoezi."

"Nikikataa leo, nafasi ndiyo imepotea?"

"Haijapotea. Unaweza kurudi."

"Na mtoto je? Naweza kubeba mimba?"

"Unaweza. Lakini tuambie mapema, kabla ya mimba, tubadilishe dawa. Na kwa neva iliyoumia, tutapanga vizuri namna ya kujifungua."

Husna aliomba muda. Alizunguka bustani ya hospitali na mumewe. Abubakari alitaka kusema neno, akajizuia, na kwa kweli alijitahidi. Waliporudi, Husna akasema, "Daktari, sasa hivi nalala, nalima, na nakaa kidogo. Upasuaji nauacha kwanza. Nataka mtoto. Nikizidiwa baadaye, nitarudi."

"Uamuzi huo una sababu," daktari akasema. "Hata kama ungekubali, ungekuwa na sababu. Muhimu umeuliza."

Mwaka uliofuata Husna alibeba mimba. Ilikuwa na siku zake ngumu, na mazoezi hakuyaacha. Alihudhuria kliniki bila kukosa. Madaktari walimweleza faida na hatari za kila njia ya kujifungua, na yeye akachagua upasuaji wa kupangwa, ili ile neva isiumie tena.

Basi kisu kilimpata Husna, lakini kilikuja kwa kazi nyingine. Alizaa mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima.

Bi Mwanaisha aliingia na khanga mpya, akampokea mtoto kwa mikono miwili. Akamtazama mtoto, akamtazama Husna.

"Kizazi kilichomleta huyu ndicho ulichotaka kitupwe kwenye ndoo?"

Husna akacheka, akashika tumbo. "Mama, usinichekeshe! Kidonda kinauma."

"Kiache kiume tu," Bi Mwanaisha akasema, huku machozi yakimtiririka. "Hicho kitapona."