Wendo Anyonga Baiskeli Hadi Mlangoni

Wendo alikuwa msichana wa miaka saba. Aliishi kijiji cha Chinyika, upande huu wa vilima.

Bibi yake aliishi upande wa pili. Huko kuna mashamba ya zabibu, mistari kwa mistari, mpaka macho yachoke.

Katikati kulikuwa na vilima viwili vikubwa. Kati ya vilima hivyo palikuwa na uwazi, na njia ilipita hapo. Watu walipaita Mlangoni.

Kila mwaka zabibu zikiiva, Wendo na Baba walivuka Mlangoni kwenda kumsaidia Bibi kuvuna. Wendo alikaa nyuma, kwenye karia ya baiskeli, akimshika Baba kiuno.

Lakini mwaka huu Wendo alikuwa na baiskeli yake mwenyewe! Ilikuwa ndogo na nyekundu. Kengele yake ililia ngili-ngili!

Akampigia Bibi simu. "Bibi, kesho ninakuja na baiskeli yangu. Nitanyonga mpaka Mlangoni. Sishuki hata mara moja!"

"Hata mara moja?" akauliza Bibi.

"Hata mara moja!"

Asubuhi kulikuwa na upepo wa baridi. Mama akamfunga Wendo vifungo vya sweta. "Msalimie Bibi," akasema. "Mwende salama."

Baba akatangulia. Wendo akafuata.

Kwichi-kwichi, kwichi-kwichi. Barabara ilikuwa tambarare. Kuku wakakimbia huku, mbuzi wakakimbia kule. Ngili-ngili!

Kisha njia ikaanza kupanda.

"Nyonga, Wendo, nyonga," akasema Baba. "Kilima hakikimbii."

Wendo akanyonga. Kwiii-chi. Kwiii-chi. Mapaja yakawaka moto. Baiskeli ikayumba kushoto. Ikayumba kulia.

Kwiii...

Mguu mmoja ukagusa chini. Halafu wa pili.

Wendo akaitazama miguu yake, kama vile si yake.

"Nimeshuka, Baba."

"Nimeona."

"Nilimwambia Bibi sishuki."

Baba hakucheka. Naye akashuka kwenye baiskeli yake. "Basi tusukume kidogo," akasema.

Wakasukuma. Kwaru, kwaru, viatu vyao vikalia kwenye changarawe.

Kwenye jiwe palikuwa na pimbi mnene, anaota jua. Pimbi akamtazama Wendo. Wendo akamtazama pimbi. Siku zile alipokaa nyuma ya Baba, hakuwahi kumwona. Aliona mgongo wa Baba tu.

Wendo akapanda tena.

"Nyonga, Wendo, nyonga. Kilima hakikimbii."

Kwiii-chi. Kwiii... Akashuka.

Akapanda tena. Akashuka tena.

Mara ya nne aliposhuka, aliilaza baiskeli chini. Akakaa kando ya njia na kulia. Baba akakaa karibu yake. Akamfungulia chupa ya maji.

Wendo akanywa. Akapangusa pua kwa mkono wa sweta.

"Baba, nikimwambia Bibi sikushuka, atajua?"

Baba akafikiri. "Hatajua," akasema. "Hakuwepo."

Upepo ukapita kwenye nyasi, shiii. Ukarudi, shiii.

"Lakini mimi nilikuwepo," akasema Wendo, polepole.

Wakainuka. Wakasukuma baiskeli zao, kwaru, kwaru, hadi juu.

Na huko juu, katikati ya Mlangoni, palikuwa na mtu amekaa kwenye jiwe. Alikuwa amejifunga kanga ya kijani. Fimbo yake ilikuwa magotini.

"Mbukwenyi!" mtu yule akawasalimia kwa Kigogo.

"Ni Bibi!" Wendo akapiga kelele. "Shikamoo, Bibi!"

"Marahaba, mjukuu wangu."

Baba alishangaa. "Mama! Umepanda mpaka huku peke yako? Kwa miguu?"

"Kwa miguu," akasema Bibi. "Nilitaka kumwona huyu akitokea na baiskeli yake."

Kisha akamgeukia Wendo. "Ehe, niambie. Umenyonga mpaka juu? Hukushuka?"

Baba alitazama mbali, kwenye mashamba.

Wendo akashika kengele yake, lakini hakuipiga.

"Nilishuka, Bibi," akasema. "Mara nne. Na nililia."

Bibi akatikisa kichwa polepole. Akahesabu kwa vidole. "Na mimi nimekaa chini mara saba," akasema.

"Mara saba? Na wewe ulilia?"

"Mara ya tano. Kidogo tu. Goti hili linauma."

Wendo akaweka kiganja chake juu ya goti la Bibi. Lilikuwa na joto, na lilikuwa limevimba. Akalisugua taratibu. Bibi akafumba macho.

Wote watatu wakakaa kwenye jiwe, upepo ukiwapiga usoni. Chini kabisa, mashamba ya zabibu yalikuwa yamepangwa kama nywele zilizosukwa. Kila mstari ulikuwa na njia yake nyembamba ya udongo mwekundu.

"Haya, sasa ni mteremko," akasema Baba. "Mama, kaa kwenye karia yangu."

"Kwenye mteremko huu? Wee! Nitatembea."

Wendo alikuwa tayari ameshapanda baiskeli. Vidole vilikuwa kwenye breki. Njia ilishuka mbele yake, ndefu, bila mtu. Angeachia tu, angeruka kama ndege!

Akageuka. Bibi alikuwa anainuka. Alishika fimbo kwa mikono miwili. Aliinuka kidogo, akapumzika. Akainuka kidogo tena.

Wendo akashuka.

"Mbona umeshuka?" akauliza Bibi. "Huu si mlima."

"Nimetaka tu," akasema Wendo. "Shika hapa, Bibi."

Bibi akaweka mkono kwenye kiti cha baiskeli nyekundu. Kilikuwa chini, usawa wa mkono wake. Wendo akabana breki ili baiskeli isikimbie.

"Tembea, Bibi, tembea," akasema Wendo. "Mteremko haukimbii."

Bibi akacheka mpaka akasimama. Kisha wakaendelea. Kwaru, kwaru. Walipumzika mara tatu, na kila mara Bibi alisema mwenyewe, "Hapa."

Walipofika chini, njia ikawa tambarare. Zabibu zilikuwa kulia, zabibu zilikuwa kushoto.

Bibi akamgusa Wendo begani. "Sasa nenda!"

Wendo akanyonga! Kwichi-kwichi, kwichi-kwichi, ngili-ngili! Wavunaji wakasimama na vikapu vyao, wakampungia mikono.

Jioni, Bibi alimletea Wendo kichala kizima cha zabibu nyeusi. "Nyingine zitaenda kiwandani, zikatengenezwe mvinyo wa watu wazima," akasema. "Hiki ni chako."

Zilikuwa tamu, na za baridi. Wendo akamlisha Bibi moja. Akala mbili. Akamlisha Bibi nyingine.

Kisha Baba akaleta beseni la maji ya moto. Bibi akatumbukiza miguu yake. Wendo naye akatumbukiza yake. Miguu minne ikakaa humo kimya.

Wendo alilala kitanda kimoja na Bibi, upande wa ukutani.

"Bibi, kesho tutavuna?"

"Kesho tutavuna."

"Kuanzia mstari gani?"

Bibi alikuwa ameshalala, hrrr, hrrr.

Wendo akafumba macho. Chini ya blanketi, miguu yake ilikuwa bado inazunguka, polepole, polepole.

Kisha nayo ikatulia.