Dumu la Maji ya Bagamoyo

Paskalina hakutumwa na mtu, alitumwa na hasira. Giza lilikuwa linaanza kuingia Ilomba, na baridi ya Juni ilikuwa inakata masikio. Alimbeba mwanawe Rozalia mgongoni. Kitenge kilikuwa kimelowa.

Si mkojo. Maji ya chumvi.

Tangu mtoto arudi kutoka Bagamoyo, alikuwa anakohoa maji usingizini. Zahanati walipima malaria wakaikosa. Na aliyempeleka ni wifi yake, Veneranda, kwenye safari ya jumuiya kwenda kuona mji wa zamani, soko la samaki na mafundi wa majahazi. "Acha mtoto akaone bahari," alisema. Kumbe alikuwa na lake moyoni.

"Kamwene, wifi," Veneranda alimsalimu mlangoni.

"Kaa na kamwene yako! Umemfanya nini mwanangu?"

Ndani kulinuka shombo. Shombo ya bahari, huku milimani!

Chini ya meza palikuwa na dumu limefunguliwa. Paskalina hakushangaa kuliona. Watu wa huku wakifika pwani lazima warudi na maji ya bahari, wayaoge kuondoa mikosi. Hata marehemu mama yake aliwahi kuyaleta.

Lakini haya yalikuwa yanapanda.

Polepole... polepole... hadi kwenye mdomo wa dumu. Yakasita, yakaanza kushuka. Kila yalipopanda, Rozalia alikohoa.

"Yanajaa na kupwa," Veneranda alinong'ona. "Kama kulekule."

"Ulifanya nini?"

"Duka langu lilikuwa halina wateja, wifi... Bibi mmoja pale ufukweni akaniambia, ukichota, uyaachie jina la mtu."

"Ukaacha la nani?"

Veneranda akalisukuma dumu ndani zaidi kwa mguu.

"La nani, Veneranda!"

"La Rozi. Nilidhani mtoto hana dhambi... wenye bahari hawatamtaka."

Kikulacho ki nguoni mwako! Huyu ndiye aliyemshika mkono siku ya kujifungua. Paskalina alitamani kumrarua.

Ndipo nje sauti ikaita. Ya kike, ya taratibu.

"Rozaliaaa..."

Mtoto akafumbua mdomo aitike. Paskalina akamgeuzia kifuani, akamziba mdomo kwa kiganja.

"Taja jina lako humo. Sasa hivi."

"Wifi, nina watoto."

"Na huyu wangu ni nini, mbuzi?"

Veneranda akatikisa kichwa, machozi yakimtoka. Paskalina hakumbembeleza. Akainama kwenye dumu na kulitaja jina la wifi yake lote, la ubatizo na la ukoo, kwa sauti ya kusikika.

Maji yakatulia.

Rozalia akavuta pumzi ndefu. "Mama, nasikia baridi," akasema.

Halafu, karibu kabisa na dirisha...

"Veneranda Kalinga..."

Veneranda akamkamata kitenge. "Usiniache, wifi!"

"Ukiitwa, usiitike. Ukiitika, umekwenda."

"Mpaka lini?"

Paskalina akajinasua, akatoka, akaurudishia mlango. Barazani hapakuwa na mtu, ila sakafu ilikuwa imelowa. Alifika barabarani. Nyuma yake sauti ikaita tena, kwa upole, na wifi yake akaitika jinsi mwanamke aliyelelewa vizuri anavyoitika.

"Abee."

Paskalina hakugeuka. Alimfunika mtoto vizuri, akaongeza mwendo.