Jumatano Nne kwa Bibi Ustawi

Mwaka ule wa kampeni ya Mtu ni Afya nilikuwa darasa la sita, na nilikuwa nimechoka. Asubuhi nachota maji, nafagia uwanja, namnawisha mdogo wangu Saad, halafu nakimbilia shuleni kumwagilia bustani kabla ya kengele. Wenzangu wa mtaani kwetu Buzebazeba walifanya hayo hayo na bado walicheka. Mimi nilisinzia kwenye hesabu, nikasinzia kwenye siasa. Hata mchakamchaka nilikimbia macho yakiwa nusu yamefumba.

Usiku usingizi hauji. Nikifumba macho namsikia Saad akilia. Miezi mitatu nyuma mawese ya moto yalimmwagikia mkononi. Alipona, alhamdulillahi, lakini kiwiko chake hakikunyooka tena. Siku ile mama alikuwa ameniachia mimi nimwangalie. Nilimwambia mama kwamba nilikwenda msalani mara moja tu.

Mwalimu Leonardi akamwita mama shuleni. "Mama Mwasiti, binti yako akiendelea hivi hatafika darasa la saba."

Mama alishtuka sana. Yeye hakusoma, na aliapa kwamba mimi nitasoma. Akanipeleka kwa Maalim Hamdani, nikasomewa dua na kunywa kombe, maji yaliyooshewa aya. Akanipeleka zahanati, nikapimwa malaria, sina. Mganga wa pale zahanati akasema, "Jumatano huja Bibi Ustawi. Mpeleke kwake."

Bibi Ustawi, jina lake hasa Mama Verediana, alikuwa afisa wa ustawi wa jamii. Nilitegemea sindano. Nikakuta chumba kidogo, benchi, na mama mnene mwenye miwani.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mama atatungoja nje. Habari za nyumbani?"

"Nzuri."

"Za shule?"

"Nzuri."

"Unalalaje?"

"Salama tu."

Akanyamaza. Na mimi nikanyamaza. Muda ukaisha hivyo hivyo! Aliponiaga alisema, "Utakayoniambia hapa sitamwambia mwalimu wala mama yako, mpaka wewe mwenyewe utake. Labda nione uko hatarini, na hapo nitakwambia wewe kwanza. Njoo Jumatano ijayo."

"Amekupa dawa gani?" mama aliuliza nje.

"Hakuna."

"Hata kidonge?"

"Hata kidonge, mama."

Mama akaguna. Nami nilikasirika. Kutembea kote kule na jua lile, kwenda kuulizwa habari!

Jumatano ya pili nilijiandaa kama mtu anayekwenda kufanya mtihani. Nikamwambia kwamba nasali, namsaidia mama, nawaheshimu wakubwa. Akatabasamu. "Umejibu vizuri, lakini mimi sisahihishi." Nikarudi nyumbani nimechoka kuliko nilivyokwenda.

Jumatano ya tatu alivua miwani.

"Mwasiti, tumelelewa kwamba tukiulizwa hali tuseme nzuri, hata nyumba ikiungua. Ni adabu, sikatai. Lakini humu ndani salamu zikishaisha, huna haja ya kunifurahisha. Je, umechoka?"

Jamani, hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Wote waliuliza kwa nini nasinzia.

"Nimechoka," nikasema, na kilio kikanitoka hapo hapo. Nikamwambia yote. Sikwenda msalani. Nilikwenda kucheza rede kwa jirani. "Na nilimsikia Saad akilia, mama. Nilimsikia. Nikasema anadeka tu, nikamalizia kwanza zamu yangu."

Nilingoja anigombeze, au aseme si kitu. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliacha nilie mpaka nikamaliza, kisha akauliza, "Ungependa mama ajue?"

"Atanichukia."

"Sijui atasema nini. Siwezi kukudanganya. Ninachoweza ni kukaa nawe ukimwambia."

Jumatano ya nne tulikaa watatu. Nilisema huku naangalia sakafu. Mama aliikunja ncha ya khanga, akaikunjua, nikajua nimekwisha.

"Nilijua," akasema. "Jirani aliniambia siku ile ile."

"Mbona hukunipiga?"

"Nikupige kwa mkono gani? Mimi ndiye niliyeacha sufuria ya moto na watoto wawili, nikaenda sokoni. Kila nikimvalisha Saad shati najilaumu. Na mimi silali, Mwasiti." Akajifuta macho kwa ncha ya khanga. Sikuwahi kumwona mama akilia mbele ya mtu.

Mama Verediana akasema taratibu, "Mwasiti, ulikosea, na uongo ulikuwa kosa la pili. Umelisema mwenyewe, na hapo ndipo kupona kunapoanzia. Mimi sina dawa. Kazi yangu ni kusikiliza, na kazi yako ni kusema kweli, kwa sababu ukinificha siwezi kukusaidia. Na haiishi leo. Mtakuja tena, wote wawili. Saad nitamwandikia barua hospitali, akafundishwe mazoezi ya mkono."

Wakaanza kuzungumza habari za barua hiyo. Nikaegemeza kichwa mapajani mwa mama, nipumzike kidogo tu.

Nilipofungua macho, jua lilikuwa limeshuka. Zahanati ilikuwa tupu, na nesi alisimama mlangoni na funguo mkononi. Mama alikuwa pale pale, mguu mmoja umekufa ganzi, ananipungia inzi.

"Mbona hukuniamsha?"

"Nikuamshe?" akasema mama. "Zaidi ya miezi mitatu nimengoja kukuona umelala."