Sentimita Tano za Mlango wa Doan

Kwa heshima na taadhima, mbele ya wasomaji wote wenye mioyo na wale waliokwisha kuvunjwa yao, inatangazwa rasmi kwamba huu ni mkasa wa mapenzi mazito kuliko yote yaliyowahi kutokea Vietnam ya kati, mapenzi yaliyotikisa milima, mito na mji mzima wa Hoi An.

Sawa. Mji haukutikisika. Ulipimwa mlango mmoja tu. Lakini kelele zake zilimfikia muuza tambi ng'ambo ya barabara, naye alizima jiko ili asikie vizuri.

"Themanini na sita," alisema Mama Lieu.

Alikuwa amechuchumaa ndani ya fremu mpya ya mlango, ameshika futi ya chuma kwa mikono miwili kama mtu aliyemkamata mwizi. Futi yenyewe ni hizi za mafundi wa kwetu: chini ya namba kuna vipande vya rangi, vyekundu kwa vipimo vya heri, vyeusi kwa vipimo vya balaa, na kila kipande kimeandikwa kitakacholetwa na kipimo hicho.

"Hebu soma hapo, Doan. Mimi macho yangu mabovu."

Macho ya Mama Lieu yangeweza kumwona sisimizi akipiga miayo upande wa pili wa mto. Doan aliinama, akasoma.

"Ni nyeusi, mama."

"Imeandikwaje?"

"Upweke."

"Sema kwa sauti. Muuza tambi hajasikia."

"Upweke, mama!"

"Na huu ni mlango wa chumba cha nani?"

Kilikuwa chumba cha Doan mwenyewe. Zilikuwa zimebaki siku tisa tu kabla Mama Lieu na ukoo wake hawajaenda Da Nang na makasha mekundu ya posa, tambuu na chai na keki, kumwomba Doan rasmi awe mke wa Khiem, mwanawe wa pekee. Baada ya harusi wawili hao wangelala nyuma ya mlango huo.

Ubaya zaidi, nyumba nzima ilikuwa kazi ya Doan. Alikuwa mwaka wa mwisho chuoni, akisomea usanifu wa ndani ya nyumba, na nyumba hii ya kina Khiem ndiyo ilikuwa mradi wake wa kuhitimu: upana mita nne, urefu kama hotuba ya mwalimu wa nidhamu. Alichora kisima cha mwanga katikati, ngazi ambazo kila kidato ni droo, na ukuta wa vibao unaopitisha upepo. Aliupa mradi jina, "Nyumba Inayovuta Pumzi." Walimu wake walipiga makofi. Mama Lieu aliuliza kwa nini nyumba ivute pumzi na feni zipo.

Tangu hapo alikuwa amebadilisha mambo mara kumi na moja. Tangi la samaki lilihama mara tatu, likarudi lilipoanzia. Madhabahu ya mababu ilipanda ghorofani kwa sababu ukuta wa pale chini ulipakana na choo, na hapo Doan mwenyewe alikiri kosa. Kila badiliko lilikuwa na michoro mipya, kila mchoro kwa penseli, kwa kuwa Mzee Bay, fundi seremala na baba yake Khiem, hakubali karatasi iliyotoka kwenye kompyuta. Husema mashine haina mkono.

"Mimi niliandika themanini na moja!" Doan alisema. "Themanini na moja ni nyekundu, naijua hata usingizini!"

Mzee Bay alichomoa karatasi mfukoni, akaikunjua taratibu.

"Sita," alisema. "Nimekata kilichoandikwa."

Doan aliikodolea macho. Kweli, sita. Lakini sita ile ilikaa vibaya, kama mgeni aliyekosa kiti.

"Hii si sita yangu, baba."

"Si yako, ya nani? Ya paka?" Mama Lieu aliinyakua karatasi, akaipasua vipande vinne, akavitia kwenye ndoo ya taka. "Nimekusifu kwa shangazi zake wote! Nimesema huyu msichana ni msomi! Msomi gani anajijengea upweke kwa mkono wake?"

"Khiem," Doan alisema, "sema kitu."

Khiem alimtazama mama yake. Akamtazama Doan. Akatazama juu, kwenye kisima cha mwanga.

"Labda tunywe maji kwanza," alisema.

"Kunyweni," alisema Mama Lieu. "Posa imesimama. Sibebi makasha mekundu kwenda kuomba upweke."

Kisha alikwenda uani, kwenye mlango wa zamani uliong'olewa kupisha huu mpya, akaanza kuufuta vumbi kwa kitambaa. Aliufuta kila siku. Alikuwa amekataa usitupwe wala usiguswe, na hakuna aliyemuuliza sababu.

Kwenye kibanda cha kahawa ya barafu, Doan alikaa na Khiem, hakugusa kahawa.

"Ni wewe."

"Mimi nini?"

"Wiki iliyopita nani alinisumbua, 'Doan, ongeza sentimita tano, kitanda kitapitaje?' Nani?"

"Nilikuomba, ukakataa, yakaisha."

"Yakaisha kwangu! Wewe ukachukua penseli!"

"Doan, mpenzi, mimi hata kuchora duara siwezi."

"Basi kwa nini hukunitetea?"

"Nilikuwa nasubiri mama apoe."

"Mama yako hapoi, Khiem! Miaka mitatu nasubiri apoe! Hivi wewe ni mlango au ni pazia? Maana mlango husimama. Pazia hufuata upepo unakoelekea."

Khiem alikoroga barafu yake mpaka ikaisha.

"Kwa hiyo unaniona pazia."

"Tena lile jembamba. La bafuni."

Doan aliwasha pikipiki, akaenda zake. Kabla hajafika Da Nang, simu ilikuwa imekwisha kulia mara nne. Alizisoma jumbe za Khiem kwenye taa nyekundu.

"Sikubadilisha."

"Doan?"

"Naapa kwa randa ya baba."

"Pazia la bafuni limenichoma."

Alijibu moja tu: "Usinitafute."

Nyumbani alimkuta mdogo wake, Tep, msichana wa miaka kumi na sita, mpole, msikivu, mfano wa kuigwa na vijana wote wa taifa, aliyekuja likizo kutoka shule ya bweni. Tep alikuwa sakafuni kwenye mkeka, kwa sababu kitandani kwake palikuwa pamelazwa kinyumba cha kadibodi: mradi wa Doan, wenye ngazi za droo na watu wadogo wa waya. Kinyumba kilikuwa kimelala kitandani muhula mzima. Paa lake lilikatwa kutoka kwenye boksi la viatu vya shule vya Tep, bila ruhusa. Mtoto wa watu alivumilia.

"Dada, kwani sentimita tano ni nini? Hata paka hazioni."

"Nyamaza, Tep."

"Kwa hiyo huolewi?"

"Siolewi."

"Na utakaa hapa hapa nyumbani?"

"Tep!"

"Nauliza tu. Nimenawa mikono, nikuletee wali?"

Doan hakula siku hiyo wala siku ya pili. Alilala kando ya kinyumba chake, akiwatazama watu wa waya. Wawili kati yao alikuwa amewasimamisha kwenye chumba cha nyuma, mmoja ameegemea mwenzake. Alinyoosha kidole, akamgeuza mmoja atazame ukuta. Baadaye akamrudisha.

Siku ya nne simu ililia. Alikuwa Mzee Bay, ambaye kwa kawaida simu huishika kama mtu aliyepewa samaki hai.

"Njoo," alisema.

"Baba, mama hataki hata kuniona."

"Anaufuta ule mlango tena. Toka ung'olewe hajalala vizuri. Aliingia kwa mlango ule akiwa bibi harusi. Sasa nakata simu, gundi inakauka."

Doan alikaa kitandani. Mara kumi na moja! Tangi la samaki, droo, rangi ya vigae, kila kitu walikuwa wamebishania, ila mlango. Mlango aliufuta kwa kifutio siku ya kwanza, akachora mwingine.

"Mungu wangu," alisema, akatafuta funguo za pikipiki.

Mama Lieu alikuwa uani, kitambaa mkononi.

"Umefuata kinyumba chako? Kiko kwenu."

"Nimekuja kuuliza. Ulipoingia kwa mlango huu, mama, ulikuwa na miaka mingapi?"

Kitambaa kilisimama.

"Ishirini na mbili. Mto ulikuwa umefurika, maji yamefika kizingitini. Watu walisema harusi iahirishwe. Huyu mzee alinibeba mgongoni toka kona ile."

"Ulikuwa mwepesi," alisema Mzee Bay kutoka kwenye benchi lake la kazi.

"Mpaka leo ni mwepesi!" Kisha sauti yake ilishuka. "Umeniuliza kila kitu, Doan. Mpaka droo ya vijiko ifunguke upande gani. Mlango wangu hukuuliza. Ulikuja siku moja na karatasi, mlango wangu haumo."

"Kweli, mama. Nilikosa. Nisamehe."

Mama Lieu alikuwa amejiandaa kwa ubishi. Msamaha ulimkuta hana silaha. Hapo hapo Khiem aliingia, jasho likimtoka.

"Mama, ile namba niliibadilisha mimi."

"Nini?"

"Kitanda kisingepita. Nilifuta moja, nikaandika sita. Doan hana kosa. Ukitaka kuivunja posa, vunja kwa sababu yangu. Lakini mimi nitakwenda Da Nang siku ile ile, hata kama nitabeba makasha yote peke yangu kwa baiskeli."

Ndala ya kwanza ilimpata begani. Ya pili aliikwepa. Hakurudi nyuma hata hatua moja. Doan alimtazama pale aliposimama.

"Mama, subiri," alisema. "Mlango umezidi sentimita tano. Tukiweka ubao wa sentimita mbili na nusu huku, na mwingine huku, uwazi unabaki themanini na moja. Na mbao hizo tuzikate kwenye mlango wako."

"Uukate mlango wangu?"

"Pande mbili tu za kandokando. Kila atakayeingia chumba kile atapita katikati ya mlango ulioingilia wewe. Hata wajukuu. Ukikataa, mama, siugusi. Nitaujengea ukuta wake usimame mzima, na posa utaamua wewe."

Mama Lieu aliupapasa ubao kwa kiganja, toka juu hadi pale penye alama ya maji ya mwaka ule.

"Hii alama isikatwe."

"Haikatwi. Nitaiweka chini, upande wa kulia."

"Kushoto. Alinishusha kushoto."

"Kushoto basi, mama." Lilikuwa badiliko la kumi na mbili, na ndilo la kwanza ambalo Doan hakulilaani moyoni.

Msumeno ulilia mpaka alasiri. Mbao zilipokaa, Mama Lieu alichuchumaa na futi yake. Safari hii aliisoma mwenyewe, na macho yake yalikuwa mazima kabisa.

"Themanini na moja. Nyekundu. Riziki!" Akageukia barabarani. "Umesikia, muuza tambi? Riziki!"

Siku ya tisa makasha mekundu yalifika Da Nang yote, kwa gari, si kwa baiskeli. Wakubwa walipokuwa wakishukuriana kwa hotuba ndefu, Doan alimvuta Khiem pembeni, karibu na meza ya keki, ambapo Tep alikuwa akila kwa adabu kipande cha nne.

"Kweli ulibadilisha wewe?" Doan alinong'ona.

"Sikubadilisha."

"Sasa ulikubali kosa kwa nini?"

"Ulisema mlango husimama."

Macho ya Doan yalijaa maji. "Pazia wangu wewe," alisema, akamshika mkono. "Lakini wakati mwingine ukidanganya, danganya vizuri. 'Nilifuta moja, nikaandika sita!' Karatasi haikuwa na alama ya kufutwa hata kidogo."

"Afute ya nini?" alisema Tep, mdomo umejaa keki. "Moja unaivalisha tumbo tu, inakuwa sita."



Doan aligeuka polepole sana.

"Tep. Karatasi ile ilipasuliwa Hoi An. Tumbo umelionea wapi?"

Wasomaji wapendwa, mtunzi huyu alitafuta njia ya kutoka. Nyuma palikuwa na ukuta, mbele Doan, kushoto keki. Basi nakiri. Tep ni mimi. Ilikuwa Jumamosi, dada anaoga, mchoro umelazwa juu ya kinyumba chake, na kinyumba juu ya kitanda changu. Nilikuwa na penseli. Na yale ya mpole na msikivu niliyaandika mwenyewe.

"Kwa sababu ya boksi la viatu?" Doan aliuliza. "Kwa boksi, Tep?"

Nilitaka kusema ndiyo. Ingekuwa rahisi.

"Nilidhani mlango wao ukikosewa," nilisema, "utachelewa kuhama. Mpaka likizo ijayo tu."

Doan aliinua mkono. Nilifumba macho nikingoja kofi, kofi halikuja. Alinivuta akanikumbatia kwa nguvu, keki na yote, akanilia shingoni. Halafu, bila kuniachia, akaita kwa sauti iliyokatisha hotuba ya mjomba:

"Mama Lieu! Njoo na ndala!"