Kiatu cha Uyoga

Hakuwa na buti za mvua. Alivaa kandambili hata penye tope. Hakuwa na koti lisilovuja, wala kapu lake mwenyewe, wala kaka mkubwa wa kumsaidia hesabu. Hayo alikuwa ameyazoea. Kulikuwa na kitu kimoja tu ambacho hakujua kwamba anakikosa, nacho ni subira. Alifagia mbio, aliosha vyombo mbio, na vifungo vya shati la shule alivifunga huku anatembea. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Chapuchapu.

Kila msimu wa uyoga alikwenda msituni na shangazi yake, aliyeishi nao. Shangazi alikuwa na utaratibu wake. Uyoga hakuukata. Aliuchimbua kwa kijiti, taratibu, pamoja na kitako chake kilichofukiwa udongoni. Kitako hicho alikiita kiatu. Nyumbani aliupanga wote juu ya gazeti, akautazama mmoja mmoja, na ule asioufahamu vizuri aliutupa.

"Mimi kofia sizitazami sana," alisema. "Kofia zinafanana kama sare za shule. Nionyeshe kiatu."

"Lakini kiatu kina matope, Shangazi!"

"Basi tutakiosha, mama. Una haraka ya kwenda wapi?"

Msimu huu Shangazi alikuwa amesafiri kumsaidia binti yake aliyejifungua. Kabla ya kupanda basi alimwambia Chapuchapu, "Mpaka nirudi, uyoga hauingii chunguni. Umenisikia?"

Alimsikia. Lakini Jumamosi moja, baada ya mvua kubwa, mama yake, ambaye ni fundi cherehani, alikwenda kibandani kwake kumalizia nguo za wateja. Chapuchapu akaona amepata nafasi ya kumshangaza kwa chakula kitamu. Akachukua ndoo na kisu, akampitia rafiki yake Redio, msichana asiyeishiwa maneno.

"Mbona unakata?" Redio aliuliza msituni. "Shangazi yako huchimbua."

"Sitaki matope ndooni. Uyoga ni ule ule."

Mchana nusu ya uyoga ilikuwa imekwisha kuiva. Kibogoyo, mdogo wake wa darasa la kwanza aliyeng'oka meno ya mbele, alikula bakuli zima kabla wenzake hawajaonja. Chapuchapu akainamia ndoo ili aoshe uliobaki. Chini kabisa akaona uyoga mmoja usiofanana na wenzake. Ulikuwa mweupe hadi kwenye mikunjo ya chini ya kofia, na shingoni ulikuwa na utando kama sketi. Alikumbuka siku Shangazi alipoutupa uyoga wa namna hiyo, kisha akanawa mikono kwa sabuni. Akatafuta kiatu chake. Hakikuwepo. Hakuna uyoga hata mmoja uliokuwa na kiatu.

"Umekula kiasi gani?" alimwuliza mdogo wake.

"Wote! Upo mwingine?"

Redio alimvuta pembeni. "Nyamaza. Humwoni anavyocheka? Mama yako akijua, utakiona cha mtema kuni."

Chapuchapu alitamani sana kunyamaza. Lakini alimtazama Kibogoyo akilamba bakuli. Akavua kandambili, akatimua mbio mpaka kibandani.

"Mama, nimempikia mdogo wangu uyoga. Nadhani mwingine ulikuwa na sumu."

Mama aliacha mkono wa gauni chini ya sindano. Hakumgombeza. Alikimbia nyumbani, akambeba mtoto mgongoni, na Chapuchapu akafuata na ndoo hadi zahanati.

Daktari alimpima Kibogoyo macho, ulimi na tumbo. "Haumwi popote," alisema, "lakini hilo halinitulizi. Uyoga mbaya kabisa hukaa kimya tumboni kwa saa nyingi, na mtu akianza kutapika, ini limekwisha kuumia. Mmefanya vizuri kutosubiri." Akamkorogea dawa nyeusi ya kunyonya sumu.

"Mama, wananinywesha makaa!" Kibogoyo alilia.

"Kunywa, baba. Hata gari moshi lilikula makaa likaenda."

Daktari alichungulia ndoo. "Vitako viko wapi?"

"Nimeviacha ardhini," Chapuchapu alijibu kwa sauti ndogo.

Daktari akampigia simu bwana misitu, naye akafika na baiskeli yake. Alimtazama msichana, akautia ule uyoga mweupe katika mfuko. "Kisu chako kimetuongezea kazi, binti. Lakini vitako havijahama. Nipeleke kila mahali ulipokata. Kila mahali, sawa?"

Walimpitia Redio, wakaenda kwenye misonobari, kisha kwenye gogo lililoanguka. Bwana misitu alichimbua vitako kimoja kimoja. "Huu unaliwa. Na huu. Na huu pia."

"Basi, ni hapa tu!" Redio alidakia.

Lakini Chapuchapu alikumbuka. Palikuwa na mahali pengine, ndani ya uzio wa kitalu cha miche. Bwana misitu mwenyewe alikuwa ameonya kwamba mtoto atakayeingia humo atapelekwa kwa mwalimu mkuu. Chapuchapu akaonyesha upande wa kitalu kwa kidole.

"Si hapa tu, mzee. Tulipita chini ya waya wako."

Bwana misitu alimkazia macho. "Twende," alisema.

Pembeni mwa kitalu, chini ya mti mkubwa, palikuwa na shina moja la uyoga lililokatwa. Alilichimbua kwa kijiti. Kitako kilitoka kimekaa ndani ya kifuko cheupe, kama yai ndani ya kikombe. Akautoa ule uyoga mweupe mfukoni, akaukalisha juu yake. Ulikaa sawasawa, hata kwenye mkato uliopinda pale kisu kilipoteleza.

"Ulikata mwingine humu?"

"Huo tu. Niliogopa, nikatoka mbio."

Alikagua pembe yote ya kitalu. Hakukuwa na shina lingine lililokatwa. Ndipo aliposhusha pumzi, akaketi kwenye majani yenye maji bila kujali suruali yake. "Basi mbaya ulikuwa huu mmoja wenye kikombe, nao haukupikwa. Nenda kamwambie mama yako."

Chapuchapu alikimbia huku analia na kucheka.

Hata hivyo daktari hakumruhusu Kibogoyo kurudi nyumbani mpaka jioni ya kesho yake, alipokuwa analalamika kwamba chakula cha zahanati ni kidogo. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga, kisha akamgeukia binti yake.

"Ulikosea ulipokata kwa haraka, na ulikosea ulipovunja agizo la shangazi yako. Lakini ulisema kweli ukiwa unaogopa. Ungeficha habari ya ule uzio, tungekaa hapa na hofu hadi sasa. Mtu mkweli si yule asiyekosea, mwanangu. Ni yule anayekuja kusema kabla hatujachelewa."

"Na usidhani sasa unaujua uyoga," bwana misitu, aliyekuja kumjulia hali mtoto, aliongeza. "Hata usio na kikombe unaweza kuua. Usipike wa porini bila mtu mzima anayeujua. Na Jumamosi mtakuja, wewe na Redio, kunipalilia miche. Polepole."

Usiku ule Chapuchapu alimwandikia Shangazi barua. Alieleza yote, kisu, ndoo na waya, wala hakuruka neno. Asubuhi aliisoma tena kutoka mwanzo. Kisha akaikunja, akaitia kwenye bahasha, akalowesha gundi, akaibana kwa kidole gumba kutoka pembe moja hadi nyingine, bila haraka. Akabandika stempu, akatembea hadi sanduku la posta, akaitumbukiza, na akasimama pale mpaka alipoisikia inagusa chini.